Neno ambalo Bi Ghanima hakumpa Azza

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Bi Ghanima anavua miwani, anaifuta kwa pindo la mtandio, anaivaa tena. Anainua kofia ya kwanza na kuielekeza dirishani, mwanga upite kwenye vitobo. Kisha anaigeuza ndani nje na kupitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Afadhali," anasema.

Khadija, aliyetoka Tongoni na kofia mbili kwenye mfuko, anaguna. "Afadhali tena, Bi Ghanima? Miezi miwili macho yananiuma!"

"Na miezi miwili uzi umelegea. Hapa, na hapa. Usinitolee macho, mwanangu, sikushona mimi."

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na sita, katika duka la kofia la Shabbar, Usagara, jijini Tanga. Wanawake wanashona kofia za mkono majumbani, wanazileta, naye anazikagua. Ana miaka 64, na maneno yake ni manne tu. "Hapana" ni ya kwenda kufumua. "Afadhali" ni daraja la tatu. "Si haba" ni la pili, shilingi elfu sitini. La juu kabisa ni "Hii ndiyo kazi," na mwenye kuambiwa hivyo anaondoka na elfu tisini na kichwa juu.

"Hilo la mwisho? Labda mara nne kwa mwaka," anasema Shabbar, aliyerithi duka kwa babu yake. "Wateja wananiamini kwa sababu ya ukali wake. Ila zamani alikuwa akitutania. Siku hizi hata kucheka hacheki."

Atacheka na nini? Mwaka jana alimzika mwanawe wa pekee, Azza, mwenye miaka 41. Figo ndizo zilizomwondoa.

Azza naye alikuwa mshonaji. Kwa miaka kumi na minne alileta kofia zake kwenye meza hiyohiyo, akapanga foleni kama wenzake, akaamkia shikamoo, akasubiri. Na kwa miaka yote hiyo mama yake alimpa neno moja tu: si haba.

Ukimuuliza kwa nini, Bi Ghanima anavua miwani na kuiweka mezani.

"Niliogopa kijicho. Kwetu mtu hamsifu mwanawe mbele za watu. Halafu wangesema, aa, anampendelea, tisini zote zinakwenda nyumbani kwake. Nikaona bora nimbane wangu kuliko kumbana wa mwenzangu. Nikajiona mwadilifu. Mwadilifu, mimi!"

Arobaini ya Azza ilipopita, alirudi kazini. Asubuhi hiyo Shabbar alimwekea kofia tisa za washonaji waliozituma bila kuja wenyewe. Kofia hizo hukaguliwa bila majina. Ya sita ilimfanya akae wima. Aliitazama dirishani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ndiyo kazi!" akasema. "Nani huyu? Mwiteni aje, niione mikono yake."

Shabbar aliondoka mezani. Alikwenda nyuma ya kabati la kioo, akalia huko. Ilikuwa kofia ya Azza. Mumewe, Sleyum, aliikuta sandukuni akaituma, na Shabbar aliichanganya na nyingine bila kufikiri.

"Sikuijua kazi ya mwanangu," anasema Bi Ghanima, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Ningeijuaje, nami sikuwahi kuitazama? Nilimtazama yeye, nikawatazama waliosimama nyuma yake, nikasema si haba. Miaka kumi na minne, jamani!"

Mengine anayasimulia Mboni, binti wa Azza mwenye miaka 19, nyumbani kwao Nguvumali. Anasema kuna kofia ambazo mama yake aliomba arudishiwe badala ya kuziuza, akaja kuzifumua kutafuta kosa.

"Moja aliifumua mara tatu. Ananiita, 'Mboni, hebu tazama, unaona kasoro wewe?' Mimi sioni. Yeye haoni. Basi anakata uzi, anaanza upya, na miguu imeshamvimba."

Mboni pia anashona, na wanaomjua wanasema amemzidi mama yake. Lakini kofia zake anauza duka jingine, kwa bei ya kutupa.

"Bibi nampenda. Kila Ijumaa nampelekea chakula dukani. Ila kofia yangu haigusi."

Bi Ghanima analijua hilo. Mgongo umechoka, na Shabbar amekubali kumpumzisha na kiinua mgongo kidogo. Yeye ndiye anayekataa kuondoka.

"Nitaacha siku nitakayoitazama kofia ya Mboni. Ikiwa mbaya, nitasema mbaya, kusema uongo siwezi. Ikiwa nzuri, nitasema nzuri, mbele yake, na duka zima lisikie. Wenye kijicho na wafe nacho."

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Mboni aliingia na kikapu. Bibi alikitazama kikapu kabla ya kumtazama mjukuu.

"Umeleta nini?"

"Wali na samaki wa kupaka."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, bibi."

Bi Ghanima alinawa, akala polepole mpaka sahani ikabaki tupu. Wanawake watano walikuwa kwenye foleni na kofia zao mapajani.

"Wali mzuri sana huu!" akasema kwa sauti, hata Shabbar akageuka. "Mzuri, Mboni. Mzuri mno!"

Mboni alikusanya vyombo, akafunika kikapu, akaaga bila kuinua uso. Bibi alimfuata kwa macho hadi barabarani, kisha akaomba kofia inayofuata.