Matairi Makubwa hadi Olbalbal

Sababu ya kuondoka ilikuwa mdogo wangu Theresia. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Olbalbal, kwenye nyika kavu chini ya milima ya Ngorongoro, alikoolewa na kijana wa Kimasai anayeitwa Lekishon. Mama yetu, Mwiraqw mkulima wa kijiji cha Kansay, alikuwa hajawahi kukanyaga kwa wakwe hao. Ndoa haikumpendeza tangu mwanzo. Wairaqw wa rika lake walikua wakisikia habari za ng'ombe walioporwa na Wamasai, na habari za namna hiyo hazitoki kichwani eti kwa sababu binti yako amependa. Aliposikia kuhusu mtoto alinipigia simu dukani kwangu Karatu.

"Regina, utanipeleka. Nikimkuta mwanangu anateswa, narudi naye na mtoto wake. Kiti cha nyuma kiache wazi."

Sikubisha. Mama akishasema kwa sauti ile, kubisha ni kupoteza mate bure.

Karatu mjini, tatizo la kwanza lilikuwa gari. Langu ni dogo, la kupelekea wateja mbegu na mbolea, na tumbo lake liko karibu mno na ardhi. Kwenda nalo Olbalbal ni kukubali kuacha bomba la moshi njiani. Malori ya mnada hufika kule, lakini mama ana magoti mabovu na hawezi kupanda lori. Fundi Petro, anayelitibu gari hilo siku zote, alishauri tubadilishe matairi tu. Rimu zibaki zilezile lilizotoka nazo kiwandani, ila tairi liwe lenye ukuta mrefu zaidi ili gari linyanyuke.

"Linyanyuke kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiasi cha kuruka jiwe, dada. Siyo kuruka mto."

Alipomaliza kuyafunga, aliniambia nizungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, huku yeye amechuchumaa akiangalia matairi ya mbele. Hayakugusa popote. Tukalijaribu njia ya Oldeani, ile yenye mawe kati ya mashamba ya kahawa, likapita bila kugonga kitu. Petro alipiga bodi kofi akasema sasa hata mti linapanda. Ndani tulikuwa wawili tu, na buti lilikuwa tupu. Hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo, nami nilirudi dukani nikijiona mtu wa maana.

Kansay, jioni ya kuamkia safari, nilimkuta mama amepanga mizigo uani. Kulikuwa na mahindi, maharage, vitunguu, maboga, unga wa ulezi wa uji wa mzazi, na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mama, si ulisema unakwenda kumchukua?"

"Nikimchukua nitamchukua. Lakini kwanza niingie kama mtu. Unataka waseme mama yake Theresia hana kitu?"

Ndivyo tulivyo. Kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu, hata kama anakwenda kugombana. Tulishindilia magunia kwenye buti mpaka jirani akaja kutusaidia kusukuma mlango ufunge. Kiti cha nyuma kilibaki wazi, kama alivyoagiza, na kuku walikaa miguuni pake mbele.

Alfajiri tulishika lami kuelekea geti la hifadhi ya Ngorongoro. Gari lilikuwa limekaa chini upande wa nyuma, nikadhani ni kawaida. Kitu kingine kilinishangaza zaidi. Tairi kubwa huudanganya mshale wa mwendo. Ulikuwa ukionyesha naenda taratibu, kumbe nayapita magari ambayo siku zote hunipita mimi. Nilipunguza mwendo kwa kukisia. Mama hakuzungumza ila na kuku.

Getini tulieleza kwamba tunakwenda kwa ndugu, tukakaguliwa, tukaruhusiwa. Kutoka hapo barabara inapanda msituni, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliendesha nikifuata taa za gari la watalii lililotutangulia. Juu ya ukingo wa kreta ukungu ulifunguka. Watalii walishuka kupiga picha, nasi tukasimama nyuma yao. Mama aliangalia chini kwa muda mrefu.

"Udongo mzuri namna ile," akasema, "na hakuna anayelima."

Baada ya bonde la Malanja majani yanaisha na vumbi linaanza. Tuliacha barabara kuu iendayo Serengeti, tukashika njia ya kuteremka Olbalbal. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwanza niliisikia sauti, kitu kikikwaruza kila gari lilipobonyea kwenye shimo. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua. Nilisimama, nikashuka, nikaingiza mkono nyuma. Tairi lilikuwa la moto, bega lake limechanika nyuzinyuzi, na plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imeraruka.

Kosa lilikuwa wazi, halikuhitaji fundi. Tulijaribu kona, hatukujaribu mzigo. Magunia yalikuwa yamezibana springi, na bodi lote la nyuma likawa linayakalia matairi. Tairi la zamani lingekuwa na nafasi. Nafasi niliyoinunua chini ya gari nilikuwa nimeiuza juu ya tairi. Kuendelea hivyo ni kulipasua, na spea iliyokuwa chini ya buti ni ya saizi ileile ya kwanza, ndogo.

"Tushushe magunia, mama. Tutayafuata baadaye."

"Magunia hayabaki porini."

"Basi tugeuze turudi nyumbani."

"Sirudi kabla sijamwona mwanangu."

Nilikasirika, sina sababu ya kuficha. Nilikaa kwenye jiwe nikawaangalia kuku, nao wakaniangalia mimi.

Muda si mrefu alitokea mwanamke akiwaswaga punda watatu waliobeba madumu matupu. Alikuwa mtu mzima wa umri wa mama, shuka la bluu, shanga shingoni, viatu vya matairi miguuni. Alitusalimu kwa Kimaa, "Takwenya." Mama hakujua la kujibu, akamjibu kwa Kiiraqw. Wote wawili walionekana kuridhika.

"Mnaenda wapi?" akauliza yule mwanamke kwa Kiswahili cha taratibu.

"Kwa Lekishon," nikamjibu.

"Lekishon mtoto yangu mimi." Akamgeukia mama. "Wewe mama Theresia?"

"Ndiyo mimi."

Walitazamana. Nilisubiri mama aseme lile alilolibeba kutoka Kansay. Mama mkwe wa Theresia aliliangalia gari, akaangalia magunia, akaanza kufungua kamba za madumu.

"Mama, si unakwenda majini?" nikamuuliza.

"Maji baadaye. Wageni kwanza."

Baadaye nilikuja kujua kwamba maji yale alikuwa anayafuata kwa ajili yetu, kwani nilikuwa nimemtumia Theresia ujumbe kwamba tunakuja. Tulihamisha mizigo. Gunia la mahindi lilikuwa zito kwa punda mmoja, tukaligawa kwenye viroba, na madumu matupu tukayatia kwenye buti. Gari likanyanyuka tena. Nilimfungulia mama mlango, akakataa. Magoti yaliyoshindwa lori yalikubali kutembea, mradi asiyapoteze machoni magunia yake. Basi wakatangulia, mama wawili na punda watatu, nami nikafuata nyuma kwa gia ya kwanza. Sauti zao sikuzisikia. Niliona tu mikono ikizungumza, na mahali fulani mama alishikwa kiwiko kuvuka korongo.

Bomani, Theresia alitupokea akiwa na mtoto mgongoni. Lekishon alikuwa mbali malishoni, pamoja na ng'ombe. Mdogo wangu alikuwa amenenepa usoni. Alituwekea chai ya maziwa, na alipoinamisha dumu la maji juu ya sufuria, lilitoa matone ya mwisho. Mama aliona. Alimshika mikono akaipindua, akamtazama shingo, akamtazama mtoto, kisha akauliza mbele yangu bila kuzunguka.

"Unateswa?"

"Hapana, mama. Kazi ni nyingi na maji yako mbali. Lakini kuteswa, hapana."

"Mikono yako ni ya mtu aliyechoka. Funga vitu vyako, kiti kiko wazi."

"Siendi."

"Nimetoka Kansay kwa ajili yako!"

"Najua, mama. Nimefurahi umekuja. Lakini siendi."

Nilitazama mlango. Iwapo mama angemlazimisha, najua Theresia asingemsamehe, na iwapo angeondoka na hasira, asingerudi tena. Lakini mambo hayo hayakuwa yangu ya kuamua.

Nje tulisikia punda wakipigiwa mluzi. Mama mkwe alikuwa ameshateremsha mizigo yetu, akayatoa madumu kwenye gari langu, na sasa alikuwa anayafunga tena. Hakuwa hata amekunywa chai. Jua lilikuwa kali.

"Anakwenda wapi tena?" mama akauliza.

"Majini. Si aliacha safari ili abebe magunia yenu."

"Kwa nini aende yeye? Wewe ndiye mke."

"Tangu nijifungue hajaniruhusu kugusa dumu, mama. Kila siku anakwenda yeye."

Mama aliinuka. Alitoka akasimama mlangoni, akamwangalia yule mwanamke akiishia na punda wake kwenye vumbi. Aliporudi ndani alikaza kanga kiunoni, akamwomba Theresia sufuria na mwiko.

Alasiri, punda waliporudi na maji, nilimwambia mama tuondoke kabla ukungu haujafunga barabara ya mlimani. Alikuwa anakoroga uji wa ulezi.

"Nenda," akasema.

"Na Theresia?"

"Mzazi hasafirishwi kwenye barabara ile. Umeiona mwenyewe."

"Na wewe?"

"Yule mama hawezi kuteka maji na kumpikia mzazi peke yake. Ana umri kama mimi. Nenda, Regina, uji utaungua."

Njiani kurudi gari lilikuwa jepesi na halikukwaruza hata mara moja. Mawe yote niliyapita. Ukungu ulinikuta juu ya kreta, nikaendesha polepole, kiti cha nyuma kikiwa wazi, na cha mbele pia. Nilijisikia mpweke kuliko nilivyotarajia.

Karatu, fundi Petro aliingiza kichwa chini ya madigadi akaguna. Tuliamua kwamba matairi yabaki, nami nikajifunza jambo dogo ambalo ningependa wasomaji walibebe: tairi kubwa kwenye rimu za kiwandani lijaribiwe na magunia ndani, siyo na usukani tu. La pili nililojifunza halimhusu fundi. Nilidhani nampeleka mama akaamue juu ya maisha ya Theresia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, siyo kwa uji.

Siku chache baadaye mama alinipigia simu kutoka kilimani, mahali pekee kule panaposhika mtandao.

"Uje kunichukua," akasema, "lakini usilete mahindi tena. Lete maji. Huku kwetu maji ni shida."

Nikamweleza kwamba maji ni mazito, kwamba nikijaza madumu mengi matairi yatasugua kama siku ile. Nyuma yake nilimsikia mama mwenzake akicheka jambo fulani, na mtoto akilia.

"Basi njoo mara mbili," mama akasema, akakata simu.