Ng'ombe wa Minza

Nakumbuka ile asubuhi, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku baba yangu mzazi alipoikataa shikamoo yangu. Nilikuwa nimeshuka kijijini kwetu Misungwi na sanduku jipya, suti ya Uingereza mwilini, jua linachoma, nikainama mbele yake kama ulivyo utaratibu. Akanitazama. Hakuitikia. Akachukua fimbo yake akasema, "Njoo uone," akanipeleka zizini.

Nitakueleza nilichokiona huko. Lakini kwanza kaa chini, na hiyo fomu yako iweke hapo mezani. Mimi ni jirani yako tu, si baba yako, lakini nimeisoma. Mahali pa mke umeandika huna, na mtaa wetu wote wa Pasiansi unajua unaishi na Rehema na mmezaa. Wewe!

Nilikuwa fundi. Si fundi wa kubahatisha. Nilikuwa natengeneza mashine za kufuma vitambaa kiwandani Nyakato, hapa hapa Mwanza, miaka ile ya Ujamaa, na mashine ikigoma zamu nzima ilikuwa inaniulizia mimi. Mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuja kuzifunga zile mashine alinifundisha kazi miezi mingi, na alipoondoka akanitafutia nafasi katika kiwanda cha kwao. Kibali chenyewe kilikuwa hivi: unapewa kwa ajili ya ufundi wako, unamtumikia tajiri miaka minne, halafu serikali yao inakugongea muhuri wa kukaa moja kwa moja, na familia inakufuata. Nilikuwa na mke, Minza, na binti yetu Kabula alikuwa bado ananyonya. Tukakubaliana na Minza kwamba hiyo miaka minne tutavumilia, kisha tutaishi pamoja huko. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta.

Aliyenisaidia kujaza fomu alikuwa karani mmoja wa mjini, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza, "Una cheti cha ndoa?"

Nikamwambia mahari nimetoa, ng'ombe wamekwenda mchana kweupe, ukoo mzima umekula na kucheza ngoma. Akacheka sana.

"Ng'ombe hawaandikwi hapa, bwana. Na vyumba vya kile kiwanda ni vya makapera. Andika huna mke, utawahi."

Nikaandika. Tena nilijisifu moyoni kwamba sijasema uongo, maana cheti kweli sikuwa nacho! Huo ndio ujinga wa sisi mafundi. Tumezoea kifaa kikituzuia kazi tunakifungua, tunakiweka kando, tutakirudisha tukimaliza. Nikadhani na mke ni hivyo hivyo.

Nikasafiri, na huku nyuma Minza alijiandikisha darasa la watu wazima kijijini, ili barua zangu asisomewe na watu. Barua yake ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa mistari mitatu, herufi kubwa kubwa, imepinda. Ilisema hawajambo, mvua imenyesha, Kabula ameanza kusema baba. Niliibandika ukutani juu ya kitanda changu, nikawa naisoma kila nikitoka zamu.

Miaka minne ikatimia. Nikajaza fomu ya muhuri, na safari hii nikaandika jina la mke na la mtoto. Nikampelekea Minza habari ajiandae, naye akapanda treni na Kabula hadi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya vibali ya Waingereza, akiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoshuhudia kwamba ni mke wangu. Mimi nikaitwa ofisini huko Uingereza. Afisa akaweka fomu mbili mbele yangu, ile ya zamani na hii mpya, akaniuliza kwa upole kabisa ipi ni ya uongo. Kama ni ya kwanza, kibali nilikipata kwa udanganyifu, na ningeweza kurudishwa kwetu. Kama ni ya pili, basi niisahihishe na kutia saini.

Loo! Niliona jasho langu lote linakwenda na maji. Ningeweza kusema kweli, mwanangu. Muda nilikuwa nao, na yule bwana hakuniharakisha. Nikatia saini kwamba sijaoa na sina mtoto. Nikajiambia nikishapata muhuri nitakwenda kumwoa upya kwa cheti, mambo yataisha.

Muhuri nikaupata. Na maneno yangu yakatumwa mpaka ile ofisi ya Dar es Salaam. Minza alipofika dirishani, karani wa pale akamfasiria yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Jina langu pale chini alilisoma mwenyewe. Alijifunza kusoma kwa ajili yangu, na jina hilo alilijua kuliko maneno yote.

Baada ya hapo barua zake zikakatika. Nikadhani ni posta!

Sasa turudi zizini. Mle ndani niliwakuta ng'ombe ninaowafahamu, wale wa mahari yangu, wengine wamezeeka, na mahali pa waliokufa wamejazwa wengine. Baba akasema, "Baba yake Minza amewaleta mwenyewe. Anasema umetia saini kwamba huna mke, na yeye si mwizi wa kula ng'ombe wa kapera."

Nikasema nitakwenda kumwomba radhi, tuwapeleke tena.

"Hata wa mtoto amewarudisha," baba akasema.

Hapo nikashika mti wa zizi. Kwetu ndoa ikivunjika, ng'ombe wa mtoto hubaki kule kwa mama yake. Hao ndio wanaomfanya mtoto awe wa baba yake. Wakirudi wote, huna mke na mtoto si wako.

Nilikwenda hivyo hivyo. Minza alinipa kiti na maji, kama mgeni yeyote. Nikaanza maneno mengi, nikamtaja karani, nikavitaja vyumba vya makapera. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna aliyekushika mkono," akasema. "Umeandika wewe."

Hakulia wala hakunitukana. Sanduku nililowaletea halikufunguliwa, nilirudi nalo.

Nikaenda zangu Uingereza na muhuri wangu, nikaishi huko miaka mingi katika chumba kimoja, mpaka uzee ukanirudisha hapa. Ruhusa ya kukaa mpaka kufa ninayo, wa kukaa naye sina. Nakwambia kwa uchungu na wala sioni haya. Kabula alipoolewa nilikuwa nimekuja likizo. Ng'ombe wa mahari yake waliingia zizi la babu yake, baba yake Minza, na huyo ndiye aliyesimama kama baba siku ile nzima. Mimi nilikaa na majirani, nikala wali. Bibi harusi akapita kutusalimia wageni. Aliponifikia akapiga goti, akasema kwa heshima, "Shikamoo, mzee."

Nikaitikia marahaba. Ningeitikia nini kingine?

Basi sikiliza. Sikukatazi kwenda. Ufundi wako wa umeme ni mzuri na dunia inautaka, nenda ukaishi vizuri. Ila yale maneno yako pale kwenye nafasi ya mke yafute, uandike Rehema, na chini yake jina la mtoto, kwa herufi zinazosomeka. Kesho twende wote kwa wazazi wake tukamalize mambo, kisha bomani kwa mkuu wa wilaya mkaandikishe ndoa, mimi nitakuwa shahidi. Wakikunyima kibali kwa sababu una familia, wamekunyima kibali tu. Utabaki fundi wa hapa Mwanza na jioni utarudi kwako. Lakini usimkane mtu kwa mkono wako, ukategemea kumkuta anakusubiri.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe wenyeji wenye huruma na kazi isiyokuvunja mgongo. Na siku utakaposhuka na sanduku lako, mtoto wako akukimbilie akuite baba, watu wote wasikie.

Haya, kalamu hii hapa.