Birika Nyuma ya Kabati

Naikumbuka asubuhi moja ya Malaba, pale mpakani, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa mtandao katika ofisi ya mawakala wa forodha, malori yamepanga foleni nje yakingoja karatasi zao. Nilikuwa nimefunga ruta mbili, vile vifaa vya kupitishia mtandao, kwenye swichi moja inayounganisha kompyuta zote, zikitumia anwani moja ambayo kompyuta hizo ziliijua. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili ishike kazi bila mtu kugusa kitu.

Bosi hakuipenda ile ya pili. "Dada, hii kitu inakaa tu bure. Kesho inaenda ofisi ya Busia."

"Haiendi, bosi. Ngoja nikuonyeshe kazi yake."

"Usiguse! Malori iko kwa laini!"

Nikachomoa waya wa ruta ya kwanza. Skrini zote zikaganda. Wee! Nikarudisha waya haraka, lakini bosi alikuwa amekwisha kunifuta kazi kwa sauti iliyofika hadi kwa madereva.

Sikuondoka, ng'o. Niliufuata waya wa stima wa ruta ya pili mpaka nyuma ya kabati, na hapo kwenye soketi yake nikakuta limechomekwa birika la chai. Kwa vile bosi alishawaambia wote kwamba ruta ile haina kazi, mtu aliona heri chai. Nikang'oa birika, nikachomeka ruta na kuiwasha, nikangoja taa zake zitulie.

"Ukichomoa tena naita polisi," bosi akasema.

"Ita," nikamjibu, nikachomoa tena waya wa ruta ya kwanza.

Skrini zikasita kidogo, kisha zikaendelea. Printa ikaanza kulia tena. Bosi akageukia makarani: "Nani aliweka birika hapa?" Habari ya kunifuta hakuitaja tena, na ruta haikwenda Busia.

Sasa nasikia mkubwa wako huko kazini amekukataza kuijaribu ruta ya akiba, eti usichokoze kitu kinachofanya kazi. Mwanangu, ichokoze. Ukiweza, chagua saa isiyo na watu wengi, mimi sikuchagua. Lakini chomoa mwenyewe, macho yako yakiona, kabla radi za huku kwetu hazijakuchomolea. Na wakikufuta, wakufute waya ukiwa mkononi.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na shingo isiyoinama kwa kelele za wakubwa. Na kabla hujaugusa huo waya, angalia kwanza wanachemshia wapi chai.