Mhudumu wa Behewa la Tatu

Siku ya kwanza nilifika deponi nimevaa viatu vya kanisani. Barua ya kazi ilisema viatu vyeusi, na sikuwa na vingine. Depo hiyo, yadi ya kulaza na kusafishia treni, ilikuwa magharibi ya Landani, mwendo wa basi moja tu kutoka Southall, mtaa niliokaa. Msimamizi wa usafi alikuwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu, tukimwita Bwana Harbans. Alinitazama miguu, akaguna, kisha akanisemesha kwa Kiswahili.

"Dada, wewe umetoka wapi?"

"Tabora."

"Tabora! Basi treni ni kwenu. Shika ndoo."

Kwetu treni nilijua kuipanda tu. Lakini nilishika ndoo, na ndivyo nilivyoanza kazi iliyonilea miaka kumi na tisa.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ilikuwa na mabehewa ya zamani, ya mbao ndani, na ilikodi injini ya mvuke, ile inayochemsha maji kwa makaa ya mawe. Watu walipanda Landani asubuhi, wakapelekwa hadi nyika za kaskazini, wakala chakula cha mchana huku wakitazama nchi, kisha wakarudishwa. Hawakuwa na shughuli huko. Safari yenyewe ndiyo waliyoilipia. Niliposimulia nyumbani kwetu, mama yangu aliuliza kwa simu, "Sasa wakifika wanashuka kufanya nini?" Nikamwambia hawashuki. Alicheka mpaka salio likakatika.

Miaka mitatu nilikuwa msafishaji. Adui yetu alikuwa masizi. Ninyi vijana mngeyamwagia maji, na hapo mngekuwa mmeyageuza wino. Masizi huondolewa kwanza kwa brashi kavu, ndipo sabuni hufuata. Mbao hazikuoshwa kabisa, zilipakwa nta na kusuguliwa. Bwana Harbans alikuwa akipitisha leso nyeupe chini ya meza.

"Huku abiria hatazami," nilimwambia siku moja.

"Wewe umeshatazama," akasema. "Sasa utaweza kulala?"

Nilisugua. Mpaka leo nyumbani kwangu nasugua chini ya meza.

Kisha mhudumu mmoja alivunjika mguu, na Mkuu wa Treni akaja deponi kutafuta mtu. Alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Chini yake walikuwa wahudumu wote, jiko, na usalama wa abiria. Bwana Harbans alinisukuma mbele. Mkuu akanipa birika lililojaa maji, akaniambia nitembee nalo behewani huku treni ikivutwa uani kupelekwa kwenye reli nyingine.

"Usilitazame birika," akasema. "Legeza magoti, tazama unakokwenda."

Sikumwaga sana. Nikapewa behewa la tatu.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni milango. Mabehewa yale yalikuwa na dirisha kwenye kila mlango, la kushushwa kwa ukanda wa ngozi. Mlango haukuwa na kitasa ndani. Treni ikisimama, ulishusha dirisha, ukatoa mkono, ukafungua kwa nje. Hatari ilikuwa treni ikitembea. Watu walipenda kutoa kichwa kuitazama injini, na njia zile za kaskazini zina madaraja ya mawe yenye kuta zilizo karibu mno na reli. Kanuni ilikuwa fupi: kichwa ndani. Mkuu alinitembeza safari mbili nzima akinionyesha kila ukuta na kila daraja, mpaka nikayajua kwa mpangilio.

Mwaka wangu wa pili humo, bwana mmoja alikodi behewa la tatu zima kwa wageni wa ofisi yake. Tulikuwa tumeacha mji wa mwisho, reli inapanda, injini inahema kwa nguvu. Huko hakuna nyumba. Ni majani ya kahawia, kuta za mawe zisizo na saruji, kondoo, na mawingu yaliyolala juu ya vilima. Bwana yule alishusha dirisha la mlango, akatoa kichwa na mabega, akawa anapiga picha.

Nilimwomba kwa adabu aingie. Hakugeuka. Nikamwambia tena, safari hii bila adabu nyingi.

"Nimelipia safari hii," akanijibu.

Tulikuwa tunaingia kwenye kona. Baada ya kona, daraja. Niliweka trei sakafuni, nikamshika koti kwa mikono miwili, nikamvuta. Kifungo kiliruka. Akaanguka kitako mbele ya wageni wake, na papo hapo ukuta ukapita dirishani, mweusi, upepo wake ukanipiga usoni. Yeye hakuuona. Alikuwa chini, amegeukia upande wangu, uso mwekundu.

Kesho yake niliitwa kwa meneja. Mume wangu hakuwa na kazi wakati huo na binti yetu Neema alikuwa bado mdogo. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikijiuliza nitaanza kutafuta wapi.

"Anataka uachishwe kazi," meneja alisema. "Au umwandikie kuomba radhi."

Mkuu wa Treni alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua kwamba angekuja. "Akiondoka yeye, naondoka na mimi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Kanuni ya madirisha niliiandika mimi. Yeye ameitii."

Meneja alitazama meza. "Basi aandike chochote."

Niliandika palepale: "Bwana, naomba radhi kwa kifungo cha koti lako na kwa maumivu ya kuanguka. Kwa kukuvuta siombi radhi, kwa maana kesho ningekuvuta tena." Mkuu aliisoma, akasahihisha neno moja nililokosea herufi, akaitia kwenye bahasha.

Jibu halikuja. Lakini mwezi wa tisa nilimwona bwana yule amekaa peke yake kwenye behewa langu, dirisha la upande uleule. Tulipopita daraja aligeuza shingo kuufuata ukuta kwa macho. Nilipomletea chai, alinionyesha nyuma kwa kidole.

"Ni ukuta ule?"

"Ndio ule, bwana."

"Mke wangu nilimwambia kwamba ulinivamia."

"Leo utamwambia ulichokiona."

Alimleta mwaka uliofuata. Mama yule alinikumbatia kati ya meza mbili, nikiwa na sahani mkononi.

Mkuu alipostaafu, alinipa kiti chake. Niliwafundisha wasichana na wavulana wengi kutembea na birika, na kila mmoja nilimpitisha ukuta kwa ukuta, daraja kwa daraja, kama nilivyopitishwa. Kama nina cha kuwaambia mnaoanza kazi, yoyote ile, ni hili: mtafuteni bosi wa namna hiyo. Mkimpata, fanyeni kazi vizuri mpaka asione aibu kusimama mlangoni kwa ajili yenu.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Mwaka huu Neema alininunulia tiketi, tukakaa behewa la tatu kama abiria. Tulipomaliza lile daraja, nchi ilifunguka upande wa kulia na nikaona ziwa, refu, la kijivu, limezungukwa na vilima. Nilikuwa nimepita hapo mara zisizo na idadi. Wakati huo huwa ni wa kukusanya sahani, na mhudumu, hata mkuu wake, huwa jikoni.

"Mama, hukujua kama lipo?" Neema aliniuliza kwa Kiingereza chake.

Mhudumu, msichana mdogo, alikuja kuchukua sahani zetu. Mikono iliniwasha nimsaidie. Niliiweka magotini, nikamshukuru, nikarudi kulitazama ziwa mpaka likaisha.