Utani Uliombeba Mwanangu kwa Baiskeli

Binti yangu alikuwa na miezi mitatu siku mtani wa mume wangu alipomwiba. Nasema alimwiba. Wakwe zangu hadi leo wanasema alimtania.

Nilikuwa kisimani nafua. Huyo bwana, binamu ya mume wangu, alipita kwetu Msambweni, akamkuta mtoto amelala kwa mama mkwe, akamfunga kifuani kwa leso, akapanda baiskeli, huyoo, hadi kwake Gazi. Desturi yao ndiyo hiyo: mtani huchukua akitakacho, nawe humkomboa kwa jogoo huku ukicheka. Ukikasirika, wewe ndiwe mkosa.

"Kamchukua mkewe," mama mkwe aliniambia niliporudi, akimaanisha mtoto, hoi kwa kicheko. "Mpelekee jogoo, mwanangu."

"Na kunyonya, mama, atanyonya kwa jogoo?"

Nilikwenda kwa miguu, jua la saa saba, maziwa yakinivuja hadi kiunoni. Njiani nikamkumbuka mtawa aliyetufundisha Kilatini shuleni. Warumi, alisema, walikuwa na maneno mawili: iocus, mzaha wa mdomo, na ludus, mchezo wenyewe. Lugha zilizozaliwa baadaye zikaliacha la pili, la kwanza likashika kazi yake. Joke ya Waingereza bado ni mzaha, lakini jeu ya Wafaransa, juego ya Wahispania na gioco ya Waitaliano ni mchezo. Mzaha wa mdomo uliota mikono. Darasani nililiona jambo tamu. Kwetu nako huyo bwana alianza kwa kumwita mwanangu "mke wangu", maneno matupu, nami mjinga nikacheka.

Nilimkuta mtoto amelia hadi sauti imemkauka, mke wa huyo bwana akimtilia maji ya sukari kwa kijiko. Bwana mwenyewe akaziba mlango.

"Jogoo wangu yuko wapi, shemeji?"

"Nipishe."

"Ah, shemeji! Si utani huu?"

"Nicheke lini? Nikishamzika?"

Akanipisha. Nilimnyonyesha mtoto palepale uani.

Jioni mama mkwe akataka nirudi Gazi nikaombe radhi, la sivyo siku ya msiba wetu mtani hatakuja kutusaidia kuzika.

"Asije."

Mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "Kaombe tu, yaishe. Ni watu wetu."

"Na huyu niliyempakata ni wa nani?"

Sikuomba radhi. Mama mkwe alikaa miezi bila kunisemesha, na sikujuta hata siku moja.