Kopo la Kiberiti Upele

Mafuta ya kupaka yananitia kinyaa. Wajukuu wangu wananiletea vichupa na vikopo vyenye picha za maua, wananiambia, bibi, jipake, miguu yako imekauka. Nawashukuru, naviweka dirishani, na wakishaondoka nawagawia majirani. Miguu na ikauke. Afadhali kukwaruza shuka kuliko kuhisi tena kitu kinateleza baina ya ngozi yangu na nguo.

Baba yangu alikuwa mchanganya dawa katika zahanati moja ya mjini Tanga, miaka ya hamsini, sisi tukikaa Chumbageni. Dawa nyingi za kupaka zilikuwa zikitengenezwa palepale, juu ya bamba la marumaru, kwa kisu kipana kisicho makali. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, nikisubiri sahani nilikuwa namtazama. Alimwaga unga wa dawa kidogo, akachota mafuta, akaanza kusaga na kugeuza, kusaga na kugeuza, mpaka usione punje. Alikuwa akiniambia kwamba dawa yenyewe ni ule unga, mafuta kazi yake ni kuubeba tu, lakini ukikosea mbebaji umekosea yote.

Wabebaji wake walikaa rafuni katika makopo matatu makubwa. La kwanza lilikuwa la mafuta ya mgando, yale yatokayo kwenye petroli. Hayaozi, hayanuki, na hayapatani na maji hata uyapige vipi. La pili lilikuwa la mafuta ya manyoya ya kondoo, ya manjano, yanata kama ulimbo. Hayo hunywa maji mengi na kuyaficha, lakini yananuka kondoo aliyenyeshewa akafungiwa chumbani. La tatu lilikuwa la mafuta ya nguruwe. Aliyeliagiza ni mkubwa wa pale, Mzungu, kwa kuwa kitabu chake kilisema marhamu fulani hutengenezwa kwayo. Baba hakuligusa. Alilisukuma kwa mpini wa ufagio mpaka mwisho wa rafu, na wagonjwa walipouliza aliwaapia kwamba hajalifungua wala hatalifungua.

Halikuhitaji kufunguliwa. Mwaka mmoja wakati wa kaskazi, joto likalivimbisha, kifuniko kikaachia, na kitu cheupe chenye vibonge kikashuka ukutani taratibu mpaka sakafuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wali wa baba mkononi. Nilitapika juu ya kizingiti. Baba alimwaga mchanga, akazoa kwa koleo, akanitoa nje bila kunikaripia. Tangu siku hiyo pua yangu na mafuta ni maadui.

Nilipotimiza miaka kumi na saba nikachumbiwa. Bwana alikuwa karani katika ghala la mkonge karibu na bandari, kwao Tongoni, mtu wa watu wanaojiheshimu na wanaopenda kuheshimiwa. Nikawekwa ndani kama desturi, chini ya mkono wa somo yangu, mwanamke wa kunifunda. Somo alikuwa mwanamke mpana, sauti nzito, mikono laini kuliko ya mtoto. Mabibi arusi wa mtaa mzima walipita kwake. Fahari yake ilikuwa moja: kwamba mwari wake akitoka, harufu nzuri hutangulia barabarani kabla ya yeye kuonekana.

Wiki tatu kabla ya arusi nikaanza kujikuna. Mtoto wa shangazi alikuwa ameletwa kutoka shamba, akalazwa nami kitanda kimoja, na alikuwa na mikono isiyotulia. Kwangu ilianza katikati ya vidole, ikaenda viganjani, ikaingia kwapani na kiunoni. Mama aliponiona wakati wa kuoga alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Upele. Binti wa mchanganya dawa, mtoto anayekwenda kuolewa, ana upele. Wanawake wa Tongoni walikuwa waje kuniona siku chache zijazo. Wakiuona, posa ingerudi, na baba angekuwa kichekesho cha mji, yeye anayewauzia wengine dawa ya ugonjwa huohuo.

Baba hakuweza kuingia chumbani kwa mwari, wala hakuweza kutaja mwili wa binti yake mbele ya watu. Alitengeneza makopo mawili ya marhamu ya kiberiti upele, ule unga wa njano uuao upele, moja la nyumba nzima na moja langu. La nyumba alitumia mafuta ya kondoo. Langu alitumia mafuta ya mgando matupu, kwa kunihurumia. Alijua kiberiti kitanuka, hakutaka na kondoo anuke juu yake. Akaja nalo mpaka kwenye pazia la mlango wangu.

"Somo," akasema, "hii apakwe kuanzia shingoni mpaka nyayoni, siku tatu, na asioge. Siku ya nne ndiyo aoge, na nguo zake zote zichemshwe."

"Mwari asioge siku tatu?"

"Asioge, bibi."

"Na nguruwe hamna humo?"

"Wallahi hamna. Nimechanganya kwa mkono wangu."

Somo akapokea, akafungua kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili. "Astaghfirullahi! Miye nimewatoa maharusi wa mji huu, hakuna hata mmoja aliyetoka ananuka yai viza!"

Hata hivyo siku ya kwanza alinipaka kama alivyoagizwa, uso ameugeuzia ukutani. Ilikuwa kitu cha njano, kizito, chenye kuteleza bila kukauka. Joto la Tanga linajulikana. Mafuta yaliyeyuka juu yangu, yakachanganyika na jasho, yakatiririka nyuma ya magoti na kukusanya vumbi la mkeka. Kanga ilinigandia. Harufu ilikuwa ndani ya kinywa changu, ndani ya maji niliyokunywa. Nililala juu ya mikono yangu nikijichukia, na nilipoletewa uji nikauona nao una mafuta juu, nikausukuma.

Asubuhi somo hakuvumilia. Alinisugua kwa singo, ule unga wa manukato wa kusugulia maharusi, na maji ya moto hadi nikawa mwekundu, kisha akalikalia lile kopo kama anayekalia kesi. Kwanza akatia marashi na kukoroga kwa mwiko. Marashi yakabaki matone matone juu ya mafuta, hayataki kuingia. Ningeweza kumwambia sababu. Angekuwa na kopo la kondoo, mafuta yangeyanywa marashi yote. Nikawa natazama tu.

"Basi tutayapika," akasema.

Kwetu pwani hapana mwanamke asiyejua kupika mafuta ya nazi. Unachemsha tui mpaka mafuta yapande juu safi, na mashapo yaliyoungua yatue chini. Ya juu unayachuja, ya chini unatupa. Somo alifanya hivyohivyo. Alilimimina kopo zima katika sufuria, akaweka makaa machache, akatia asumini ya kikuba kizima, kile kishada cha nyweleni, na karafuu za Pemba. Mafuta yakayeyuka, yakawa maangavu kama chai ya rangi. Na ule unga wa njano, ambao baba aliusaga na kuugeuza juu ya marumaru mpaka usionekane, ukaanza kushuka. Nililiona tabaka lake chini ya sufuria.

Somo akachuja kwa kitambaa. "Tizama, mwanangu, uchafu wote umekaa chini. Hivi ndivyo dawa inavyosafishwa, wanaume hawajui." Akatoka uani na ile njano yote, akaimwaga shimoni.

Nilikuwa na maneno mdomoni: somo, hiyo ndiyo dawa. Ni maneno machache, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani mwenye kuyajua. Lakini yale maangavu yalikuwa yananukia asumini, na mgongo wangu ulikuwa umechoka kunuka. Nikainua mikono anipake. Alinipaka, na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Siku tatu zile nyumba nzima ilinuka. Mama, wadogo zangu, shangazi na yule mtoto wake, wote walikuwa wakipita ukumbini kama kondoo waliozamia kwenye mayai mabovu, wakizomeana na kucheka. Wote wakapona. Mimi peke yangu nilinukia, na mimi peke yangu nilikuwa nikijikuna ndani ya shuka pole pole, ili kitanda kisilie.

Siku ya tatu baba alikuja tena kwenye pazia.

"Bado inawasha?"

"Haiwashi, baba."

Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, mara moja, kisha mara ya pili. Lilikuwa pazia jepesi tu, lakini hakuweza kulifunua. Akaondoka.

Wanawake wa Tongoni walikuja, wakanusa shingo yangu na nywele zangu, wakapiga vigelegele. Katikati ya vidole somo alikuwa amepaka hina nzito, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo vipele havikuonekana. Nikaolewa. Sherehe watu waliisifu, na mimi nakumbuka zaidi kiuno changu kilivyokuwa kikiwaka moto chini ya nguo ya arusi, nami nimekaa kimya kama ipasavyo bibi arusi.

Tulipangishiwa vyumba viwili mtaa wa nyuma. Bwana alikuwa mpole na msafi mno, mtu wa kukunja hata kitambaa cha jasho. Aliponiona nikijikuna nikamwambia ni harara, joto tu. Akaninunulia poda. Nilimtazama akininyunyizia ile poda mgongoni kwa uangalifu, nikasikia kichefuchefu, na safari hii hakukuwa na harufu yoyote ya kusingizia.

Mwezi wa pili akaanza yeye. Vidole, viganja, kiuno. Alijikuna kwa haya, ameingiza mkono kwenye mfuko wa suruali. Siku moja baada ya sala ya alasiri alirudi na kopo mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu, jambo ambalo hakuwa akilifanya kamwe.

"Nimekwenda zahanati kwa baba," akasema. "Nimeona haya sana, lakini nimekwenda. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia, kisha nikamwonyesha mikono yangu pale dirishani."

"Akasemaje?"

"Alitazama mikono muda mrefu. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na hii. Akasema tupake sote wawili siku tatu, nguo zichemshwe." Alinikabidhi kopo. "Na akasema nikwambie hii usiipashe moto. Sijui ana maana gani. Nani anapasha moto dawa ya kupaka?"

Nikafungua. Safari hii baba hakuwa amenihurumia. Alikuwa ametumia mafuta ya kondoo, ameyakaza kwa nta ya nyuki mpaka kijiko kisimame, na njano ilikuwa nyingi kiasi cha kukwaruza. Kondoo, nta na kiberiti vikanipanda puani pamoja. Nikaegemea ukuta.

Bwana alidhani ni harufu. Akalichukua kopo, akanivua kanga begani, akaanza kunipaka yeye mwenyewe, mgongoni, kwapani, katikati ya vidole, mtu ambaye hakuweza kuvumilia hata doa la chai kwenye kikombe. Niliona pua yake ikikunjamana, na hakuacha.

"Ghalani tunashika magunia ya kila mtu," akasema. "Manamba wa mashambani wanayalalia yale magunia, na mimi nayahesabu kwa mikono yangu. Nimekuletea uchafu nyumbani. Weye mtoto wa watu, ulikuja unanukia, mama bado anausimulia mwili wako kule Tongoni. Ukadhani ni harara, maskini, kumbe ni mimi. Nisamehe."

Alisubiri jibu, mikono yake imejaa njano mpaka kwenye viwiko.

Nikamwambia nimemsamehe.