Ufunguo wa Pili wa Chumba cha Mashine

Habari ya kifo chake niliipatia mpakani mwa Rwanda na Kongo, Rusizi ya Kwanza, nikiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Bukavu. Mama mmoja muuza mboga aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama kidogo, kisha akasema, "Papa, haujasikia? Mzee wa mashine alituacha jana." Sikuvuka. Nilirudi Cyangugu kwa miguu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiiahirisha safu hii ya gazeti kwa sababu nitakayoieleza.

Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Kongo, kama mimi, na kama mimi hakufundishwa darasani kile alichokijua. Alijifunza kompyuta kwa vitabu vya Kifaransa vilivyokosa majalada, kisha kwa kusoma, mstari kwa mstari, kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu inayozigawia programu nyingine zote nafasi, muda na nambari za kutambulishia kazi zao. Alikodi chumba hapa Cyangugu, karibu na ziwa, akaweka humo mashine iliyotunza kadi za wagonjwa wa zahanati ya jirani. Kuna majira mashine hiyo iligoma. Kila baada ya siku nne au tano ilikataa kuanza kazi yoyote mpya, kadi zikawa hazitoki na wagonjwa wakajaa barazani. Nilikuwepo siku moja karani wa zahanati alipoingia akihema.

"Izime tu uiwashe, Mzee. Bantu bananingojea."

"Nikizima sitajua ni nini inaiua. Unipatie nusu saa."

"Weye unahurumia mashine kuliko bagonjwa."

"Bagonjwa beko na dokta," alijibu bila kugeuka. "Hii iko na miye tu."

Nusu saa ikawa saa nzima, lakini alipata jibu, akanieleza taratibu. Kazi ikiisha ndani ya kompyuta, kiini hukusanya karibu kila kitu ilichokuwa nacho: nafasi yake, mafaili iliyoyafungua. Hubakiza nambari yake na neno moja la mwisho, jinsi ilivyokufa, mpaka mzazi, yaani kazi iliyoianzisha, aje kuuliza. Mzazi akifa kwanza, yatima hurithiwa na kazi ya kwanza katika chumba chao, kwa maana programu hutengewa vyumba, kila chumba na hesabu yake inayoanzia moja. Programu ya kadi ndiyo iliyokuwa ya kwanza chumbani mwake, na aliyeiandika hakujua kwamba ingeletewa yatima wa wengine. Haikuuliza habari zao hata mara moja. Wafu walirundikana, nambari zikaisha, na walio hai wakakosa pa kuanzia. "Balishakufa zamani," aliniambia, "lakini hakuna muntu alikuja kubaulizia." Mbele ya programu ya kadi, ili iwe ya kwanza chumbani, akaweka nyingine ndogo sana, isiyo na kazi isipokuwa kupokea yatima na kuwaulizia wanapokufa. Mashine haikugoma tena.

Nilimwuliza chumba hicho cha ndani ya kompyuta huondoka lini. Akasema kazi ya kwanza ikifa, kiini huzimaliza zote zilizobaki humo na hakiruhusu nyingine kuanza. Hata hivyo chumba hakifutwi maadamu kuna mmoja, hata akiwa nje, ambaye bado amekishikilia. "Ataachia, ndipo kitaondoka. Kiini haimunyanganyi. Inangoja."

Alipoanza kuugua aliniachia ufunguo wa pili wa chumba chake, ili niwe namfungulia karani akiwa yeye hospitalini. Aliondoka kwa mpango: kabla hajafa, mashine ilikuwa imehamishiwa zahanati, pamoja na daftari lenye kila hatua. Siku ya kumaliza kilio, msemaji wa familia aliuliza, kama ilivyo desturi yetu, aliye na kitu cha marehemu akitaje. Mmoja alirudisha koti, mwingine redio. Mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni, nikanyamaza. Nilijiambia ni wa akiba tu, chumba ni kitupu, nani angeuhitaji. Baadaye nilikwenda mara mbili, nikafungua, nikaketi mahali palipokuwa na mashine.

Juma lililopita mjane wake alibisha mlangoni kwangu.

"Papa, ule ufunguo weko nao?"

"Ninao, Maman."

"Nilijua. Mwenye nyumba anakatala kupokea chumba bila funguo zote mbili, na kodi inaendelea. Mama yangu iko peke yake kijijini Nkungu, hawezi tena kulima. Nilisema nitaenda kabla ya kupanda maharagi." Akatazama pembeni. "Nilikungojea useme weye mwenyewe. Bantu banapanda tayari."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Tulikwenda pamoja. Alifagia chumba ambacho hakikuwa na taka, nikafunga mlango, nikampa ufunguo, naye akaunganisha wa pili na wa kwanza kwa uzi. Kesho yake alipanda basi la Nkungu, nami nikaanza safu hii, ambayo sikuweza kuiandika nikiwa bado na ufunguo mfukoni.

Nilidhani namtunza rafiki yangu. Kumbe yeye alikuwa amemaliza kazi yake yote kwa usafi, na mtu niliyemzuia asiondoke ni mkewe. Anayekufa hawezi kuja kudai alichotuachia, na familia huona haya kudai. Basi siku msemaji anapouliza, aliye na kitu akitaje, hata kama ni ufunguo wa chumba kitupu.